Picha mbili za ndege mmoja: ipi ibaki, ipi ifutwe?

Kambu mwenye kifua cha urujuani akitua kwenye tawi kavu la mgunga, mpiga picha hubonyeza mara thelathini kabla hajaruka. Jioni zile thelathini huchujwa zikabaki nne, nne zikabaki mbili, na hapo ndipo kazi hukwama. Ya kwanza, tuiite A, rangi zake zinawaka, lakini ndege yuko katikati kabisa ya fremu na kitawi cha nyuma kimemchomoza kisogoni kama pembe. Ya pili, B, imepauka na ina giza kidogo, ila ndege ameelekeza shingo kwenye kamera, jicho lina nukta ya nuru, na mbele ya mdomo kuna nafasi. Wengi huchukua A. Buluu ya kambu huwahi macho kabla hujakiona hicho kitawi.

Katika kila jozi iliyo hapa chini tumeuliza swali lilelile: kasoro hii inatengenezeka mezani, au iliamuliwa kulekule porini na imekwisha? Kasoro za mpangilio kwa kawaida zimekwisha. Za rangi hutengenezeka, isipokuwa rangi iliyoungua, na hiyo tumeipa nafasi yake huko mbele.

Ondoa rangi kwanza

Zifungue picha zote mbili sambamba, uzigeuze kwa muda ziwe nyeusi na nyeupe. Zipunguze hadi upana wa sentimita 3 hivi kwenye skrini, ujisogeze nyuma kiasi cha urefu wa mkono. Jicho linatua wapi kwanza? Likitua kwenye doa la mwanga pembeni, au kwenye tawi jeupe badala ya kichwa cha ndege, umeipata kasoro ambayo rangi ilikuwa inaificha. Kisha igeuze picha kushoto kuwe kulia, kama ionekanavyo kwenye kioo. Picha uliyoizoea huwa ngeni ghafla, na upande uliolemewa hujitokeza wenyewe.

Kuna mtego mmoja hapa. Tumbo la feruzi la kambu na nyasi kavu mara nyingi huangukia kijivu kilekile, kwa hiyo rangi ikiondolewa ndege anaweza kuyeyuka ndani ya nyasi. Hilo peke yake si kosa. Maana yake ni kwamba picha inashikiliwa na rangi tu, na ikichapishwa vibaya au ikifunguliwa kwenye simu yenye kioo hafifu, itaanguka. Mbili zikilingana kwa mengine yote, chukua ile inayosimama hata bila rangi.

Na skrini yenyewe: zima kichujio cha usiku kinachoifanya iwe ya njano, na usihukumu rangi ukiwa umekaa juani. Usihukumu pia picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida. Hupunguzwa pikseli na kubanwa, na manyoya laini ya kidari ndiyo huumia kwanza. Mwombe mwenzako aitume kama hati.

Anga au nyasi nyuma yake?

Ndege aliye kwenye waya au kileleni mwa mti karibu siku zote ana anga nyuma yake. Anga jeupe la mawingu huidanganya kamera: inapima weupe ule, inapunguza mwanga, na ndege anageuka kivuli cheusi. Ukiongeza stopu 1 hadi 1⅓ ili kumwokoa (kila stopu moja huongeza mwanga maradufu), weupe unaanza kula kingo za manyoya. Kingo hizohizo hupata uzi wa zambarau au kijani, hasa kwa lenzi za bei nafuu zikiwa zimefunguliwa tundu lote. Uzi huo huondoka programuni kwa kubofya mara moja, lakini kingo zilizoliwa hazirudi.

Anga la buluu ni afadhali, ila kwa kambu ni buluu juu ya buluu. Nyasi za kiangazi ndizo zinazomfaa. Rangi yao ya dhahabu iliyochujuka iko ng'ambo ya buluu kwenye duara la rangi, ndiyo maana kambu wa Septemba huonekana amewaka kuliko wa Aprili aliyezungukwa na kijani cha masika, bila mtu kugusa kitufe chochote cha ukolevu. Mdiria yule mdogo mwenye mgongo wa buluu na tumbo la rangi ya chungwa ana bahati yake: rangi mbili zinazopingana amezibeba mwilini, kwa hiyo hata kijani cha mafunjo ya Naivasha hakimmezi, mradi kijani chenyewe kimetulia na hakina mabaka ya jua.

Anga jeupe tungelichagua kwa ndege mweusi mwenye umbo linalojieleza, kwa mfano tai aliyekunjua mbawa, na tungeifanya picha nzima iwe nyeupe kwa makusudi. Nusu-nusu hapo haifai: anga la kijivu chepesi na ndege wa kijivu kizito ni picha ya mtu aliyesahau kupima mwanga.

Paa la gari au dirishani?

Jozi hii ndiyo huamua picha nyingi za ndege wa chini kuliko lenzi inavyoamua, na hesabu yake ni rahisi. Chukua kwale anayeokota kando ya njia, mita 10 kutoka garini, kichwa chake kikiwa sentimita 30 juu ya ardhi. Ukisimama kwenye paa lililo wazi, kamera iko kama mita 2.5 juu. Mstari unaotoka kwenye lenzi ukapita kichwani mwa kwale utagonga ardhi mita 1.4 tu nyuma yake. Ukishuka ukapiga dirishani, mita 1.4 kutoka chini, mstari uleule utagonga ardhi mita 2.7 nyuma yake.

Tofauti ya mita moja na kitu inaonekana ndogo, lakini kwa lenzi ya milimita 500 kwenye tundu la f/5.6, kwa umbali huo, eneo lililo kwenye fokasi lina kina cha sentimita 13 hivi kwenye kamera ya sensa kubwa. Kila kitu kilicho nje ya hapo kinaanza kulainika kadiri kinavyokwenda mbali. Udongo ulio mita 2.7 nyuma hulainika karibu mara mbili ya ulio mita 1.4. Kwenye picha ya paani utaziona kokoto, vijiti na kinyesi cha swala, kila kimoja na kivuli chake, vikigombea macho na kwale ambaye naye ni wa rangi ya udongo. Kwenye picha ya dirishani vitu hivyo vimekuwa zulia moja. Na lenzi ikishuka hadi usawa wa kichwa cha ndege, mstari haugongi ardhi kabisa. Mandharinyuma inakuwa upeo wa macho. Hifadhini hushuki garini, kwa hiyo huo usawa utaupata tu pale njia inapopita bondeni na ndege yuko ukingoni, au kwenye maficho yaliyochimbwa kando ya bwawa.

Kurudisha gari nyuma nako hupunguza pembe, ila humpunguza na ndege.

Je, paa linashinda lini? Nyasi zikiwa ndefu, kwa sababu dirishani utapiga majani ya mbele. Na kwa makundi. Heroe mia tano wakipigwa kutoka chini wanakuwa utepe mmoja wa waridi, shingo juu ya shingo, miguu isiyohesabika. Ukipanda juu kidogo, safu zinaachana, maji yanaonekana katikati yao, na picha inapata mdundo. Kwa hiyo ukiletewa picha mbili za Ziwa Bogoria, usimsifu mtu kwa sababu tu alilala chini. Tazama kama ndege wametengana.

Sura ya karibu au ndege na kwao?

Bogoria hiyohiyo. Fremu moja imejaa kichwa na shingo ya heroe mdogo, mdomo wake wa wekundu mzito uliokaribia weusi. Nyingine ina heroe sita wadogo kama punje, na nyuma yao mvuke wa chemchemi za moto unapanda. Zote zinaweza kuwa nzuri. Hizi si picha za kushindana. Zinazoshindana ni zile zinazobaki katikati, ambazo ndege si mkubwa kiasi cha kuhesabu manyoya wala si mdogo kiasi cha kuiachia nchi nafasi. Tunaona nyingi za namna hii, na dawa yake ni kuamua: ikate zaidi, au usiikate kabisa.

Kabla ya kuikata, piga hesabu. Faili la megapikseli 24 lina pikseli 6000 kwa 4000. Ukichukua nusu ya upana na nusu ya urefu, unabaki na 3000 kwa 2000, yaani megapikseli 6, robo ya ulichokuwa nacho. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi utapata upana wa sentimita 25. Kwa simu inatosha na kubaki. Kwa bango la ukutani, hapana.

Mahali pa kukata pana adabu yake. Usikate kwenye kiungo. Ile sehemu ya mguu wa heroe inayojikunja kwenda nyuma, ambayo watu huiita goti, kwa kweli ni kifundo cha mguu, na fremu ikipita hapo ndege huonekana kakatwa miguu. Ama onyesha nyayo zote, au kata juu zaidi, kwenye mwili. Kama kuna kivuli chake majini, kichwa cha kwenye kivuli nacho kina haki ya kuwa kizima. Kambu ana nyuzi mbili ndefu mwishoni mwa mkia, na ncha zake husahaulika kila siku: mtu anabana fremu kwa ajili ya jicho, anakuja kugundua nyumbani kwamba ncha zimebaki nje kwa milimita.

Upande wa ndege mdogo ndani ya nchi kubwa, kipimo chetu ni hiki: akiwa chini ya sehemu moja ya kumi ya upana wa fremu, lazima yeye ndiye awe kitu chenye rangi au mwanga unaotofautiana kuliko vyote. La sivyo, ni doa.

Katikati au pembeni?

Pembeni, mara nyingi, jicho likiwa karibu na theluthi moja ya fremu na nafasi kubwa ikiwa upande anaotazama. Anayeruka apewe nafasi zaidi ya aliyekaa. Katikati panamfaa ndege anayekukabili uso kwa uso, mfano bundi, au aliye na kivuli kamili majini. Jambo hili hupewa uzito kuliko linavyostahili, kwa sababu ndiyo kanuni ya kwanza watu hufundishwa, na pia kwa sababu mara nyingi linatengenezeka kwa kukata. Pembe ya kichwa haitengenezeki. Ndege aliyekaa theluthi kamili lakini amekupa kisogo hana thamani mbele ya yule wa katikati aliyegeuza mdomo kidogo upande wako.

Asubuhi au adhuhuri?

Karibu na ikweta jua hupanda wima, kama nyuzi 15 kwa saa. Likichomoza saa 12:30 asubuhi, saa 2:00 tayari liko nyuzi 22 hivi. Mwanga wa dhahabu tulio nao ni mfupi kuliko wa wenzetu wa kaskazini.

Linganisha yangeyange wawili. Wa saa 1:00 asubuhi weupe wake una samli ndani yake. Wa saa 6:00 ni mweupe wa chokaa, uso una kivuli chini ya paji, tumbo limechukua ukijani wa majani yaliyo chini. Kosa linaloiharibu ile ya asubuhi ni kuchukua kidonyezi cha mizani ya weupe, kile cha kuiambia programu kipi kihesabiwe cheupe, na kukigusisha kwenye unyoya. Programu hutii: inaufanya uwe mweupe kweli, na asubuhi yote inafutika. Gusa, tazama namba iliyotoka, kisha rudi nusu ya njia kuelekea ile ya awali.

Kwa ndege weupe, mwanga wa mapema au wa wingu jepesi hushinda. Kwa wale wanaometameta, mambo hubadilika. Rangi ya chozi na ya kwezi inatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa na unavyorudisha mwanga, kwa hiyo inategemea pembe kati ya jua, ndege na lenzi. Jua likiwa mgongoni kwako, koo la chozi linawaka. Akigeuka kidogo, linakuwa jeusi, palepale, kwenye tawi lilelile. Ukiwa na fremu mbili za chozi, moja koo limewaka na mpangilio wa kawaida, nyingine koo jeusi na mpangilio mzuri, hapa tunakiuka desturi yetu na kuchukua ya kwanza. Mng'ao ambao haukurekodiwa hauna kitufe.

Iliyopauka au iliyokolea?

Sasa ile rangi iliyoungua. Chukua kweche mwekundu, yule mdogo mwekundu na mweusi wa mashamba ya mpunga. Kamera hurekodi nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake. Kwenye jua kali nyekundu hujaa ikagonga ukuta huku nyingine mbili zikiwa bado chini, na histogramu ya jumla, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga kwenye picha, inaonyesha kila kitu ni salama. Ukivuta hadi asilimia 100 unakuta kidari ni kama plastiki: hakuna vinyuzi vya unyoya, hakuna kivuli, ni baka moja jekundu.

Kipimo chake ni rahisi. Shusha ukolevu hadi −20, kisha punguza mwanga stopu moja. Vinyuzi vikirudi, faili ni zima. Mhariri ndiye aliyezidisha mkono. Baka likibaki baka, sasa likiwa limefifia tu, nyekundu iliungulia porini na hakuna programu itakayoifufua. Siku nyingine washa histogramu ya rangi tatu, na kwa ndege mwekundu anza na stopu −⅔. Faili ghafi (RAW), lile ambalo kamera haijalichakata, husaidia hapa kwa sababu linabeba biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384 kwa kila rangi, wakati JPEG ina 256 tu. Lakini hata faili ghafi lina ukuta.

Feruzi ya kambu ina ugonjwa mwingine. Faili linaweza kuwa na rangi ambayo sRGB, kipimo cha rangi cha skrini nyingi na mtandao, haiwezi kuibeba. Ukiisukuma, haikolei tena. Inabanwa, na tumbo linakuwa bapa. Badala ya kuinua buluu, shusha jirani zake: kijani cha majani −15, njano −10. Buluu itapanda yenyewe machoni. Mpangilio wa kazi ni mizani ya weupe, mwanga, halafu rangi mojamoja. Kitufe cha ukolevu wa jumla kiwe cha mwisho, na kikipita +10 tafuta kulikoharibika. Tazama gome la mti na udongo: vikianza kuwa na zambarau, umezidisha. Tazama na kifua cha kambu: mizani ya weupe ikivutwa kwenye 7000 K (kelvini, kipimo cha joto la rangi) kwa ajili ya "joto la asubuhi", urujuani hugeuka waridi chafu.

Kuna hoja ya kwamba ukolevu ni suala la ladha. Kwa heroe si ladha. Heroe mkubwa ni mweupe mwenye waridi hafifu, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Heroe mdogo amekolea zaidi, na mdomo wake ni mwekundu mzito. Waridi hiyo inatoka kwenye chakula chao, ndiyo maana makinda ni ya kijivu. Ukimkoleza heroe mkubwa hadi afanane na mdogo, anayejua ndege ataangalia mdomo, ataangalia mwili, na ataiacha picha yako hapohapo. Kati ya iliyopauka na iliyokolea kupita kiasi, kwa jozi hii tunachukua iliyopauka kila mara.

Maoni mawili kwa picha moja

Ukiombwa ukosoe, linganisha hata maneno yako. "Rangi zimezidi, mpangilio jaribu tena" ni maoni. Mwenye picha hajui aguse nini. "Majani yaliyo nyuma ya mkia yamekolea sawa na tumbo, shusha kijani, doa jeupe la kona ya juu kulia linavuta jicho, kata sentimita moja hapo, pembe ya kichwa iache, ndiyo iliyobeba picha" ni maoni yenye anwani. Taja na kilicho kizuri kwa jina lake, maana asipoambiwa anaweza kukikata.

Turudi kwa kambu

B inabaki. Ina giza, lakini hakuna rangi iliyoungua, kwa hiyo inapokea stopu ⅔ za mwanga bila chengachenga nyingi. Mizani ya weupe karibu 5600 K, njano ya nyasi −10, kisha ikatwe kidogo upande wa mgongoni hadi jicho lifike theluthi, ncha za mkia zikiwa ndani.

A ni ya kushawishi zaidi kwa sababu kile kitawi cha kisogoni kinafutika kwa programu ndani ya dakika moja. Kwa ukutani kwako, kifute tu. Mashindano mengi ya picha za wanyamapori hukataa picha iliyoondolewa kitu na huomba faili ghafi ili kuthibitisha, na kwenye faili ghafi kitawi bado kipo.